Nyumba Haifagiwi Mpaka Afike

Nilipokuwa nafanya kazi uwanja wa ndege, nilikuwa natoka kwetu Jomvu Kuu baada tu ya sala ya alfajiri, nashika kijia mpaka barabara kubwa, naifuata barabara mpaka Changamwe, kisha nakata upande wa uwanjani. Yote hiyo kwa miguu. Magari ya wakati huo yalijaa watu wa bandarini na wa viwandani, na mimi sikuwa na nguvu za kupigana vikumbo na wanaume asubuhi yote ile. Siku moja nikamuuliza msichana wa kaunta, mtu wa bara, mpole, ndege ya Nairobi hukaa muda gani angani. Akanijibu haimalizi hata saa nzima. Nikacheka, akadhani namcheka yeye. Nilikuwa najicheka mwenyewe. Mtu anapanda hapa, anashuka Nairobi, anapokea mzigo wake, na mimi nilikuwa natembea muda mrefu kuliko huo kutoka kitandani kwangu mpaka kwenye ufagio.

Maana kazi yangu ilikuwa kufagia. Ukumbi wa wanaoondoka ulikuwa wangu, tangu mlangoni hadi pale wanapoitwa kwenda kupanda. Watalii walikuwa wakiondoka na mchanga wa pwani nzima ndani ya viatu, na kabla ya kupanda wakiukung'uta wote pale sakafuni kwangu. Msimamizi wetu alikuwa na neno moja tu: abiria akiinuka, fagia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa wakubwa wake kama mimi nilivyomuogopa yeye. Basi mtu alikuwa hajapotea machoni, mimi nishafika na ufagio pale alipokuwa amekaa. Jioni mabega yalikuwa yananiwaka, na nikilala niliota sakafu.

Ukutani palikuwa na ramani kubwa ya dunia yenye mistari myekundu ya njia za ndege, na vumbi lake nalo lilikuwa langu. Nilikuwa nikiifuta huku napima. Kutoka Mombasa mpaka Nairobi ni ukucha wa kidole gumba. Kutoka Nairobi mpaka Jeddah, shibiri moja, ukinyoosha vidole vizuri. Sikuwa na haja ya kujua hayo. Nilipima tu kwa sababu mtu anayefagia mchana kutwa hutafuta kitu chochote cha kufanya na macho yake.

Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi, na mdogo wangu wa kike. Na mama alikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Msafiri akitoka, nyumba haifagiwi mpaka afike aendako. Ukifagia naye yuko njiani, unamfagia yeye; unafuta nyayo zake, na nyayo zikifutika hajui tena pa kurudia. Watu wengi wa kwetu walikuwa na mwiko huo, lakini waliuchukulia kwa wepesi. Mtu akienda Lamu, wakakadiria basi limefika, ufagio ukashuka. Mama hakukadiria. Mama alitaka habari kamili.

Alikuwa na sababu yake. Baba yetu alikuwa utingo wa malori, na siku moja alipoondoka kwenda Nairobi wageni walikuwa wanakuja kwetu, mama akafagia. Baba hakurudi. Hakufa, usimhurumie, alioa Voi, akakaa huko huko. Mimi nilikuwa nikimwambia mama kwamba mwanamume anayetaka kuoa Voi ataoa tu, ufagio ushike au usishike. Alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja mtoto amalize kulia. Voi yenyewe, ndege ya Nairobi ikipanda haijanyooka vizuri ishaipita. Kumbe baba alikuwa karibu hivyo, na hakufika kwetu maisha.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya tisini mdogo wangu alipopata kazi ya nyumbani Jeddah. Alikuwa akishona nguo kwa mtu pale Mikindani, akachoka na cherehani ya watu, na wasichana waliokuwa wamekwenda Arabuni walirudi na mabati na saruji za kujengea mama zao. Mimi sikumzuia. Mama naye hakumzuia, ila usiku wa mwisho aliniita nilipokuwa nimeshajinyoosha, mgongo unaniuma.

"Mwanangu."

"Abee, mama."

"Ndoo unambie. Huko endako ndugu yako ni mbali yapi?"

Nikaketi naye mkekani, nikamuonyesha kwa mkono. Ukucha wa gumba mpaka Nairobi. Halafu shibiri. Nikamwambia ukitoa kungoja Nairobi, angani penyewe muda wa saa tano hautimii. Alitazama mkeka, akaweka shibiri yake pale nilipoweka yangu. Mkono wake ulikuwa mdogo, haukufika.

"Ni karibu," akasema, kama mtu anayejiambia mwenyewe.

Asubuhi mdogo wangu alifukizwa udi, akapitishwa chini ya msahafu mlangoni, jirani wakasoma fatiha. Mama hakuja uwanjani. Alisema akenda atalia, na machozi nayo yanafuta. Mimi nilikuwa na zamu, kwa hivyo nilimsindikiza nikiwa nimevaa yunifomu yangu ya kijani, nikaagana naye ufagio mkononi. Alikuwa anakula mabuyu kwa wasiwasi, mdomo na vidole vimekuwa vyekundu, na kokwa nyingine zilimponyoka zikaanguka chini ya kiti. Akaitwa. Akanikumbatia pamoja na ufagio wangu, akaenda, na mlango ule wa kioo ukafunga nyuma yake.

Msimamizi akanionyesha kiti kwa kidole. Nikafagia zile kokwa. Kazi ni kazi.

Jioni nilimkuta mama amekaa kizingitini. Ndani palikuwa vile vile tulivyopaacha alfajiri: majivu ya udi, maganda ya muhogo, majani yaliyoingia na miguu ya jirani. Ufagio wetu wa chelewa alikuwa ameuchomeka juu kabisa, kwenye makuti ya paa.

"Na huko uwanjani," akaniuliza, "akiondoka mtu hufagiwa?"

"Hufagiwa kila mara, mama. Ndiyo kazi niliyoandikiwa."

Akautazama ufagio kule juu. Nadhani ni pale alipoamua kwamba nyumba yetu italazimika kufanya kazi mara mbili, ifidie na nyayo ninazofuta mimi kule.

Makubaliano yalikuwa mdogo wangu akifika apige simu kwenye duka moja la Mikindani, na mwenye duka atume mtu kutuita. Siku ya kwanza haikupigwa. Nikamwambia mama amechoka, atapiga kesho. Kesho yake haikupigwa. Nikaenda kwa msichana wa kaunta, akaulizia kwa wenzake wa Nairobi, akanihakikishia kwamba ile ndege ilitua Jeddah salama, abiria wote wakashuka, na ishakwenda na kurudi mara nyingine tangu hapo. Nilitembea kurudi Jomvu na habari hiyo kama nimebeba sahani ya chakula.

"Mama, amefika. Ndege ilitua salama, nimeuliza wenyewe."

"Nimekuuliza ndege?" akasema mama. "Namuulizia mwanangu."

Na ufagio ukabaki juu.

Watu huniuliza nyumba inakaaje bila kufagiwa. Inakaa kwa mikono ya watu. Kuokota kuliruhusiwa, kufagia hapana. Kupangusa kwa kitambaa cha maji kuliruhusiwa, mradi takataka usizisukume kuelekea mlangoni. Mama alikuwa akiinama akiokota ganda la kitunguu, gamba la samaki, unyoya wa kuku, kimoja kimoja, akivitia kwenye kikapu, na kikapu hicho akikimwaga nyuma ya nyumba bila kukikung'uta. Magoti yake hayakuwa mazima. Kwa hivyo nikirudi kazini niliinama mimi. Nilikuwa nimefagia mchana kutwa nyuma ya watu wa Ujerumani na Uingereza, halafu nakuja kwetu naokota mchele kwa vidole.

Siku moja uvumilivu ulinishinda. "Mama, mimi nafagia dunia nzima, nije nilale kwenye maganda ya vitunguu?"

"Basi okota," akasema.

Ningeweza kufagia alipokuwa kisomoni. Sikufagia. Usidhani ni imani. Ni uchovu tu. Kubishana na mama kulitaka nguvu kuliko kuokota.

Masika yakaingia, tukaletewa matope ndani. Ramadhani ikaja, ikaisha. Siku mbili kabla ya Idi alikuja shangazi, dada yake baba, mwanamke mwenye sauti na mikono mipana, akatazama sebule yetu akashika kiuno. Akasema wallahi hii ni aibu, Idi inaingia katika nyumba kama zizi, na bila ya kungoja jibu akapanda kiti akauteremsha ufagio. Mama hakupaza sauti. Aliuchukua mkononi mwake taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akauweka chini, akaukalia. Idi ile tulipokea wageni nje barazani. Nilikasirika mpaka nikakosa hamu ya biriani, na hapo ujue nilikasirika kweli.

Na chini ya hasira yote ile palikuwa na woga, niseme tu. Nilikuwa namwambia mama amefika, amefika, na mimi mwenyewe sikuwa na hakika. Kila nilipofuta ile ramani nilikuwa natazama shibiri yangu na kujiuliza ndugu yangu yuko wapi ndani yake. Mtu mzima, mwenye jina na sauti, amekwenda muda wa saa tano tu na amenyamaza kama amezama.

Simu ikaja siku ambayo sikuwa na zamu, jua la saa saba. Kijana wa dukani alikuja mbio kusema atapiga tena baada ya kitambo. Mama alitia buibui, tukaenda. Mwendo ule wa kwenda Mikindani sijauona mrefu kama siku hiyo. Mama alikuwa akisimama kila baada ya nyumba chache, akishika goti, akiniambia nitangulie, na mimi sitangulii. Tulifika, tukakaa kwenye gunia la maharage. Simu ikalia.

Mama aliishika kwa mikono miwili. Nilikuwa nimebana sikio langu upande wa pili, kwa hivyo nilisikia.

"Nimefika salama, mama. Msiwe na wasiwasi."

"Umekula nini yeo?"

Nyuma yake palikuwa na sauti ya mwanamke mwingine akisema Kiarabu kwa haraka.

"Wali," akasema mdogo wangu. "Niko salama, mama. Niombee." Simu ikakatika.

Nilimwambia mwenye duka ahsante, nikamshika mama mkono. Njiani nilikuwa mwepesi, hata mgongo nilikuwa nimeusahau. Niliwaza nikifika tu nateremsha ule ufagio, nafagia mpaka uani, na kesho nakaribisha watu. Tulipokaribia nyumbani nikamwambia hivyo. Mama akasimama.

"Hapana. Yuko ndiani bado."

"Mama! Amesema mwenyewe kwa mdomo wake amefika!"

"Mtu alofika hukaa kitako, akauliza walobaki. Huyu hakuuliza hata paka."

Mdogo wangu alikuwa mtu wa kuuliza. Akienda tu dukani akirudi anauliza nani kapita, kasema nini, paka kala. Nililia pale pale njiani, mbele za watu, mwanamke mzima. Mama hakulia. Alikuwa kama mtu aliyekuwa analijua deni siku zote na sasa ameonyeshwa.

Basi tukaendelea kuokota. Tangu siku hiyo sikubishana tena. Nilikuwa nikirudi, navua viatu, napiga magoti karibu na mama, na tunaokota bila maneno, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango.

Alirudi kabla mkataba wake haujaisha. Hakuna aliyetuambia. Siku hiyo walikuwa wamenihamishia ukumbi wa wanaoshuka kwa sababu mwenzangu aliugua, na ndege ya kutoka Nairobi ilikuwa imetua. Nilikuwa nafagia, nikaona viatu vya raba vilivyokanyagwa visigino, nikavizunguka kama ninavyozunguka viatu vyote. Viatu havikuondoka.

"Dada, mbona umekonda?"

Yeye ndiye aliyekuwa amekonda. Mikono ilikuwa imechanika kwa dawa za kusafishia, mkoba wake mfuko wa plastiki tu. Nilimtazama nikataka kusema mambo mengi, nikasema, "Ngoja nikaombe ruhusa." Msimamizi aliniangalia usoni, akaniambia niende bila kuniuliza kitu. Nimekwambia hakuwa mtu mbaya.

Habari za nyumba ile aliyokaa alitusimulia baadaye, kidogo kidogo, na nyingine hakusimulia. Sina haki ya kuzisema hapa. Nasema tu kwamba simu ile ilikuwa kwa ruhusa, na aliambiwa maneno ya kusema.

Mama alikuwa anakuna nazi uani. Alimuona, akaendelea kukuna mpaka kile kizio kikaisha, kisha akasimama kwa tabu akafuta mikono kwenye leso. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Kaa kitako." Akampa chai, akampa mkate wa mofa, akakaa mbele yake anamtazama anavyotafuna. Na mdogo wangu, alipokwisha kumeza kikombe cha pili, akaanza. Shangazi hajambo? Yule jirani aliolewa? Mwembe wa msikitini umezaa? Paka yuko wapi, mbona simuoni paka? Alikuwa anauliza na mama anajibu, anauliza na mama anajibu, na machozi yanamtiririka mama bila ya yeye kuyashughulikia.

"Mwanangu," akaniita.

"Abee."

"Teremsha ufagio."

Nilifagia nyumba nzima. Nilifagia chini ya vitanda, nyuma ya mitungi, pembe ambazo mkono haukuwa ukifika. Vumbi lilitoka jingi mpaka tukakohoa sote watatu, na nililisukuma hadi mlangoni, likapita kizingiti, likaenda. Nilikuwa nimetoka kufagia kazini na ningefagia mpaka Mikindani kama wangeniacha. Usiku ule tulilala milango wazi, nyumba inanukia sakafu.

Ningependa kuishia hapo, lakini maisha hayakuishia hapo. Mdogo wangu alikaa nasi miezi. Alirudi kwenye cherehani ya watu, mikono ikapona, paa la kwetu likaendelea kuvuja. Kisha jioni moja, akichambua mchicha, akasema kuna nyumba nyingine, ya watu wanaojulikana, huko huko Jeddah. Safari hii atakuwa macho. Alisema akiangalia mchicha. Nilikuwa nimechoka sana siku hiyo na sikuwa na jambo la kumpa badala yake. Nilimngoja mama aseme.

Mama hakuuliza ni mbali kiasi gani wala angani ni muda gani. Asubuhi ya safari, udi ulipokwisha kufuka na msahafu ulipokwisha kupita juu ya kichwa, alipanda kiti mwenyewe, kwa magoti yale, akauchomeka ufagio kwenye makuti.

Uwanjani nilikuwa na zamu tena. Mdogo wangu alikaa kiti kile kile au cha jirani yake, anakula mabuyu, kokwa zinamponyoka. Alipoitwa alinikumbatia pamoja na ufagio, akaingia, na mlango wa kioo ukafunga. Nyuma yangu niliisikia sauti ya msimamizi ikiniita, na nilijua bila ya kugeuka kwamba kidole chake kinaonyesha nini.

Niliuegemeza ufagio ukutani, chini ya ile ramani. Nikapiga magoti pale chini ya kiti, na yunifomu yangu ya kijani, watalii wananipita, nikaanza kuziokota kokwa za mabuyu kwa vidole, moja moja, nikizitia mfukoni.

Msimamizi akaja akasimama juu yangu. Akaniuliza nimepoteza nini.

"Sijapoteza kitu, bwana," nikamwambia. "Nina msafiri."